Damu ya Mzee Inasema Nini Kuhusu Sahani Yake?

Hotuba hii ilitolewa jijini Mwanza katika wiki ya Siku ya Kimataifa ya Wazee, mbele ya wazee, familia zao na watoa huduma za afya. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi. Viongozi wa mabaraza ya wazee mliotoka Nyamagana, Ilemela, Magu na Misungwi, nanyi mliovuka maji kutoka Ukerewe. Wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Na zaidi ya wote, wazee wangu mlioketi safu za mbele: shikamooni.

Nashukuru kwa marahaba nzito namna hiyo. Imenipa nguvu ya kuanza.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya damu vinavyoweza kutuonyesha kwamba mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea ana utapiamlo. Mimi ni mtu wa maabara. Vipimo hivyo ndivyo vinavyonilisha, na pengine walioandaa mkutano huu walitarajia nije kuzisifia mashine zetu. Nitazisifia pale zinapostahili. Lakini neno nililokuja nalo ni hili, na nitalirudia mpaka mlichoke: damu haipimi njaa. Damu hupima ugonjwa ulioleta njaa, ugonjwa ulioletwa na njaa, na hatari inayomngoja mgonjwa. Ukitaka kujua kama mzee wako anakula vya kutosha, utaanza na mizani, tepu na maswali. Damu itafuata nyuma, kueleza kwa nini amefika hapo na tahadhari gani zichukuliwe kabla ya kumlisha na kumtibu.

Kwa nini naanza na onyo? Kwa sababu siku hizi watoto wetu wapendwa, wanaofanya kazi Dar es Salaam au Arusha, wakija likizo na kumkuta mama amekonda, wanamshika mkono moja kwa moja hadi kwenye maabara ya mtaani na kusema, "Mpimieni mama lishe yake." Anatolewa damu, inatoka karatasi yenye namba nyingi, mtoto anatazama zile zilizowekewa alama ya mshale, na kama hakuna mshale wanarudi nyumbani wameridhika. Mama bado amekonda. Hakuna aliyemwuliza jana alikula nini, na hakuna aliyempandisha kwenye mizani.

Na tukiri kwamba utapiamlo wa wazee tunauona kwa shida. Tukisikia neno utapiamlo, akili inakimbilia kwa mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba. Mzee akikonda tunasema ni uzee. Amevaa koti lake na kitenge chake, nani atajua kwamba chini yake mabega yamebaki mifupa? Meno yametoka, ladha imepungua, dawa tatu au nne anazomeza zinamtia kichefuchefu, mwenzi wake amefariki na kupika chungu cha mtu mmoja kunachosha. Na wengi wenu hapa mnalea wajukuu, na najua mkono wa bibi unapopakua, sahani ya mwisho kujazwa ni ya nani.

Sasa niingie kwenye damu yenyewe, na nianze na kipimo chenye jina kubwa kuliko vyote: albumini.

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. Ndiyo iliyo nyingi kuliko protini zote katika majimaji ya damu. Hushikilia maji yasitoke nje ya mishipa na hubeba dawa, homoni na madini. Mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 35 hadi 50 kwa lita. Kwa kuwa ni protini, na kwa kuwa wagonjwa waliokonda sana walionekana kuwa nayo kidogo, vizazi kadhaa vya matabibu vilifundishwa kwamba albumini ikishuka, lishe imeshuka. Nami nilifundishwa hivyo hivyo.

Nimchukue bibi mmoja, ambaye sitamtaja jina wala kisiwa chake. Aliletwa na mwanawe, amekonda, hana hamu ya kula, anatoka jasho usiku. Albumini yake ilikuwa 27. Mwana, kwa mapenzi ya kweli, akanunua makopo ya unga wa protini kwa fedha ambazo zingetosha kulipa ada ya mtoto wake, na bibi akanyweshwa asubuhi na jioni. Baada ya mwezi albumini ilikuwa palepale. Mwana akauliza: unga huu ni feki? Hapana, unga ulikuwa halali. Tulipopima CRP, yaani protini ambayo ini huimwaga kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi au majeraha, ilikuwa juu mno. Makohozi yakapimwa, na kifua kikuu kikaonekana. Bibi alianza dawa, homa ikakata, hamu ya kula ikarudi kabla hata albumini haijarudi, na ugali wa kawaida kwa dagaa ukafanya kile ambacho makopo hayakuweza kufanya.

Ini la bibi lilikuwa na kitu gani? Ninyi watu wa ziwa mtanielewa upesi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa huadimika pale mwaloni Kirumba. Je, tunasema dagaa wamekwisha ziwani? Hatusemi hivyo. Tunajua wavuvi hawakutoka, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa chini ya mwanga wa mwezi. Albumini kidogo katika damu ya mgonjwa ni hivyo hivyo: malighafi huenda ipo, lakini ini limeacha kazi hiyo kwa muda na kuhamia kutengeneza protini za vita, na wakati huohuo mishipa imelegea na albumini inavuja kwenda kwenye nyama za mwili. Ukiona uhaba sokoni, uliza kwanza boti zilikuwa wapi.

Kuna sababu nyingine zinazoishusha albumini bila kuhusiana na sahani. Figo zinazovuja huipoteza kwenye mkojo. Ini lililoharibika hushindwa kuitengeneza. Nasi tunaishi kando ya ziwa lenye kichocho cha tumbo, ambacho kikikaa miaka mingi huumiza ini na kuvimbisha wengu, kwa hiyo mvuvi mzee mwenye albumini ya chini anastahili kupimwa kichocho kabla ya kuhukumiwa kwamba hali vizuri. Dripu nayo huifanya damu kuwa nyepesi kwa kuongeza maji: mzee anaingia wodini amekauka, albumini inasoma vizuri kwa udanganyifu wa ukavu, anawekewa maji, keshokutwa namba imeshuka, na ndugu wanalalamika kwamba wodi imemtia utapiamlo ndani ya siku mbili.

Na hapa niwaseme kidogo wenzangu wachukua damu, kwa upendo. Ule mpira tunaoufunga mkononi ukikaa zaidi ya dakika moja kwa sababu mshipa wa mzee umejificha, protini hujikusanya na namba hupanda. Mzee aliyelala kitandani naye huweza kusoma chini kuliko angesimama, hata kwa asilimia 10. Mshipa wa mzee unateleza, ngozi ni nyembamba, mkono unatetemeka. Legeza mpira, mpe maji ya uvuguvugu ashike, subiri. Nimeona fomu zinazodai albumini "imepanda" kwa gramu 3, na watu wakashangilia lishe, kumbe aliyepanda ni mgonjwa mwenyewe, kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Sasa kinyume chake, ambacho kinanitisha zaidi. Je, albumini ikiwa ya kawaida, mzee ameshiba? Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mbavu zilihesabika, miguu ilivimba, mawazo yao yote yakawa chakula. Protini za damu yao zilishuka kidogo tu. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizohusu watu waliokosa chakula bila kuwa na ugonjwa mwingine, na yalionyesha kwamba albumini na mwenzake prialbumini, protini nyingine inayotengenezwa na ini, zilibaki kawaida mpaka uwiano wa uzito kwa urefu, ule mnaouita BMI, uliposhuka chini ya 12, au njaa ilipozidi wiki sita.

Chini ya 12 maana yake nini? Mchukue mama mwenye urefu wa sentimita 160. Kufika 12 awe na kilo 31 hivi. Lakini vigezo vya kimataifa vya kutambua utapiamlo, viitwavyo GLIM, vilivyokubaliwa mwaka 2018, vinahesabu BMI iliyo chini ya 22 kuwa ndogo kwa mtu aliyetimiza miaka 70, yaani kwa mama huyohuyo, akiwa chini ya kilo 56. Kati ya kilo 56 na kilo 31 kuna kilo 25. Kilo 25, wazee wangu! Mtu anaweza kuyeyuka kilo zote hizo albumini imekaa kimya, haisemi neno. Mtoto akisubiri mshale kwenye karatasi ya maabara, atasubiri mpaka amzike mama.

Wataalamu wenzangu mtaniuliza, na mna haki: mbona mwaka 2017 jarida la Nutrients lilichapisha uchambuzi wa tafiti 111, zenye watu zaidi ya 52,000, uliosema kwamba albumini, himoglobini, kolesteroli, prialbumini na jumla ya protini ni viashiria vyenye manufaa vya utapiamlo kwa wazee? Na mbona chama cha wataalamu wa lishe ya tiba cha Marekani, ASPEN, katika tamko lake la mwaka 2020, kilisema albumini na prialbumini zisitumike kupima hali ya lishe? Nani tumfuate?

Mimi nawafuata wote wawili, kila mmoja kwa swali lake. Uchambuzi wa 2017 ulilinganisha makundi: ukiweka upande mmoja wazee mia wenye hatari ya utapiamlo, na upande wa pili wazee mia wasio nayo, wastani wa albumini utakuwa chini kwa lile kundi la kwanza, kwa sababu wagonjwa ndio wanaokonda na waliokonda ndio wanaougua. Hilo ni kweli. Tamko la ASPEN linamhusu mgonjwa mmoja aliyelala mbele yako: kwa huyo, namba ya albumini haitakuambia kama tatizo ni sahani au ni ugonjwa. Hilo nalo ni kweli. Kinachobaki ni kwamba mzee mwenye albumini ya chini yuko hatarini, atachelewa kupona kidonda, atachelewa kutoka wodini, na anastahili jicho kali zaidi. Muone mapema, umpime uzito, utafute ugonjwa. Lakini usimwambie kwamba amepungukiwa protini kwa sababu karatasi imesema 30.

Prialbumini nisiizungumzie sana. Nusu yake huisha katika damu kwa siku mbili au tatu tu, wakati nusu ya albumini huchukua siku 20 hivi kuisha, na kwa hiyo ilisifiwa kwamba itaonyesha mabadiliko ya lishe upesi. Lakini nayo hushuka kwa maambukizi, na hupanda figo zikichoka au mgonjwa akitumia dawa za steroidi. Ni ghali na hupatikana kwa taabu. Kama una fedha ya kuipima, nunua mizani.

Tuje kwenye kipimo ambacho kila mmoja wenu anakijua: wingi wa damu, himoglobini. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamume mwenye chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya 12, ana upungufu wa damu. Kipimo hiki nakipenda. Kinafanyika hata kwenye zahanati, kwa tone moja la kidole, na kwa mzee ni mlango wa kuingilia katika mambo mengi. Kosa letu ni kwamba tunasimama mlangoni.

Mzee mmoja wa upande wa Sengerema, mvuvi mstaafu, mcheshi, alikuwa na himoglobini ya 9. Akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Nyumbani wakamwongezea juisi ya rozela na bitiruti, na maini kila Jumapili. Miezi ikapita, damu haikupanda, na mzee akaanza kusema kwamba anatembea kama mtu aliyevaa soksi wakati hajavaa. Watu wakacheka, wakadhani ni utani wake wa siku zote. Siku moja picha kamili ya damu ikasomwa vizuri, na seli zake nyekundu zikaonekana kuwa kubwa kuliko kawaida. Mtu aliyekosa madini ya chuma huwa na seli ndogo! Kumbe mzee alikuwa anatumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo pia. Dawa zote mbili, zikitumika muda mrefu, hupunguza uwezo wa mwili kuchukua vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Na B12 ikikosekana, damu hupungua na mishipa ya fahamu ya miguuni huumia.

"Lakini alikuwa anakula dagaa na sangara kila siku!" ndivyo mkewe alivyoniambia, akikasirika kidogo kana kwamba nimelisema vibaya jiko lake. Nikamjibu, shangazi, jiko lako halina kosa. Samaki ana B12 ya kutosha. Tumbo la mzee ndilo lililoshindwa kuing'oa, kwa sababu kazi hiyo inahitaji tindikali, na tindikali hupungua kwa umri na kwa dawa. Akachomwa sindano za B12, damu ikapanda. Ganzi ya miguu ilipungua, haikuisha yote, kwa sababu mishipa iliyokaa na njaa muda mrefu hairudi yote.

Kwa hiyo mkiambiwa damu ya mzee imepungua, msikimbilie sokoni kabla ya kuuliza: seli ni kubwa au ndogo? Anatumia dawa gani? Ana safura? Ana kichocho? Choo chake kina rangi gani? Mwanamume mzee mwenye upungufu wa madini ya chuma anaweza kuwa anavuja damu taratibu tumboni, kwenye kidonda au kwenye saratani, na rozela itampaka rangi ulimi tu. Na ninyi matabibu, mnapoagiza feritini kutafuta akiba ya chuma, kumbukeni kwamba nayo hupanda mwili ukiwa na maambukizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mstari wa upungufu upandishwe kutoka mikrogramu 15 hadi 70 kwa lita kwa mtu mzima mwenye maambukizi au inflamesheni, yaani mwili unapopambana na ugonjwa au jeraha. Feritini ya 50 kwa mzee mwenye homa haijamsafisha.

Kolesteroli ndogo kwa mzee ambaye hatumii dawa za kuishusha, na chembe za kinga za limfosaiti zikiwa chache, ni dalili za kukufanya uinue kichwa, hakuna zaidi.

Sasa nije kwenye kreatinini, ambayo haimo kwenye orodha za kawaida za lishe, lakini mimi naiona ndiyo inayowaponza wazee wembamba kuliko zote. Kreatinini hutoka kwenye misuli na kutolewa na figo. Figo zikichoka, hupanda. Ndiyo maana tunaipima. Lakini je, mtu akiwa hana misuli? Chanzo chenyewe kimekauka. Figo zinaweza kuwa zimechoka sana na kreatinini ikabaki nzuri.

Hesabu hii fanyeni nami, wauguzi. Bibi wa miaka 80, kilo 38, kreatinini yake mikromoli 80 kwa lita, ambayo karatasi inaionyesha bila mshale wowote. Ukitumia kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayotazama umri na uzito pamoja na kreatinini, figo zake zinasafisha kama mililita 30 kwa dakika, wakati kijana mwenye afya husafisha 100 au zaidi. Bibi huyu si wa kubuni kabisa. Nilikutana na mwenzake katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, kalala na kisukari na maambukizi, ameandikiwa dozi kamili ya kila kitu kwa sababu "figo ziko safi". Muuguzi kijana, ambaye nampa heshima zake hapa, alimtazama mikono ilivyo myembamba akauliza, "Hivi hii kreatinini ingetoka wapi?" Dozi zikapunguzwa siku hiyohiyo. Swali la muuguzi huyo lingebandikwa ukutani katika kila wodi ya watu wazima.

Na kreatinini ya chini kabisa, isiyoelezeka, yenyewe ni taarifa: misuli imekwisha. Hapo damu inasema jambo la kweli kuhusu sahani, ingawa hakuna aliyeiuliza.

Jambo la mwisho kuhusu damu ndilo la haraka kuliko yote, na naomba familia mnisikilize. Babu anayeishi peke yake ameugua, majirani hawakujua, amekaa zaidi ya siku kumi akinywa maji na kulamba uji. Ndugu wanafika. Huruma inawajaa. Kuku anachinjwa, ugali unasongwa, supu, soda mbili, na babu kwa njaa yake anakula vyote. Siku ya pili au ya tatu anaishiwa nguvu, anavimba miguu, anahema, moyo unakwenda mbio, na watu wanaanza kunong'ona kwamba kuna mtu ametia kitu kwenye supu.

Hakuna aliyetia kitu. Mwili uliokaa na njaa umepungukiwa fosfeti, potasiamu na magnesiamu, lakini damu huficha upungufu huo. Wanga ukiingia kwa ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo ndani ya seli, na damu hubaki tupu. Misuli ya kupumua na moyo hukosa fosfeti ya kufanyia kazi. Madaktari waliliona hili kwa wafungwa waliofunguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Hapa ndipo damu inapostahili sifa nilizoahidi: mzee ambaye hajala kitu cha maana kwa zaidi ya siku kumi, au BMI yake iko chini ya 16, apelekwe hospitali, apimwe fosfeti, potasiamu na magnesiamu, apewe vitamini B1 kabla ya mlo, na kulishwa kuanze kidogo sana, mara nyingi kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku au chini ya hapo, kukipandishwa taratibu huku damu ikirudiwa kupimwa. Huruma ya sahani kubwa isubiri.

Basi, kama damu haipimi njaa, nini kinapima? Kuna dodoso liitwalo MNA, lililotengenezwa kwa ajili ya wazee na kutumika tangu miaka ya 1990. Toleo lake fupi lina maswali sita: chakula kimepungua katika miezi mitatu iliyopita? Uzito umepungua? Anatoka kitandani na nje ya nyumba? Ameugua ghafla au kupatwa na msiba mzito? Ana usahaulifu au sonona? Na la sita ni BMI. Alama zote ni 14; kuanzia 12 ni salama, 8 hadi 11 ni hatari, 7 kushuka ni utapiamlo. Kama mgongo umepinda na urefu haupimiki, tunapima shavu la mguu kwa tepu ya fundi cherehani, pale penye unene zaidi. Chini ya sentimita 31 ni alama mbaya. Ila mguu uliovimba hudanganya, kwa hiyo bonyeza kwanza kwa kidole uone kama panabaki shimo.

Ambaye hana mizani, atazame vitu. Mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya kwa msumari? Pete inazunguka kidoleni? Meno ya bandia yaliyokuwa yanakaa vizuri sasa yanacheza mdomoni? Mzee wa kilo 60 akipoteza zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia, amevuka mstari, na hapo ndipo aende maabara, akiwa na swali mkononi. Na kwa asiye na meno, dagaa waliokaushwa kwenye chanja, wakasagwa na kuchanganywa kwenye uji, hawana mchanga na hawahitaji kutafunwa.

Gharama najua mtaiuliza. Sera ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na dirisha la wazee lipo, ingawa nyote mnajua kuna siku dirisha liko wazi na dawa haipo. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na mizani, ambayo haiishiwi.

Mizani hiyo ipo meza ya kushoto, karibu na mlango, pamoja na tepu. Vueni makoti na viatu, na mtoe simu na funguo mifukoni. Mwenye kadi ya kliniki aje nayo, tutafute uzito wake wa zamani. Asiye na kadi tutampa daftari dogo. Wahudumu, uzito wa leo uandikwe kwa wino, pamoja na tarehe. Waliotimiza miaka 80 watangulie, na vijana mliokuja kuwasindikiza muwashike mkono wanapopanda, kwa sababu mizani ile inateleza kidogo.